Sabuni inayoogopa dhahabu: nani anapima mafuta tunayojipaka?

Miezi michache iliyopita, baada ya ibada ya Jumapili, mama mmoja wa umoja wa wamama alituletea kipande cha sabuni kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Hakuja kutuuliza kama ni dhambi kuitumia. Alikuwa na swali lingine: kwa nini maandishi madogo ya nyuma yanamwambia avue pete ya ndoa na hereni kabla ya kuoga nayo? Ni sabuni gani hii inayoogopa dhahabu?

Wasomaji wetu wa Kamituga na wa Mongbwalu wanaweza kumjibu bila kufungua kitabu. Kitu kinachong'ang'ania dhahabu ni zebaki, ile ambayo wachuuzi wa machimboni wanaiuza kwa jina lake la Kifaransa, mercure. Mchimbaji anaimwaga ndani ya karai, inakusanya vumbi la dhahabu, kisha anaichoma moto na dhahabu inabaki. Pete ya mama ikikutana nayo inapoteza rangi. Shirika la Afya Duniani, OMS, limekwisha kuandika kwamba bidhaa ya kung'arisha ngozi inayomwonya mtumiaji asiigusishe na dhahabu, fedha, alumini, mpira wala mapambo ya mwilini, huenda ina zebaki ndani yake.

Huenda. Hapo ndipo tulipokwama pamoja na yule mama. Karatasi inaweza kumfanya mtu ashuku, lakini haimwambii kilichomo. Mtengenezaji anayejua kwamba zebaki imekatazwa hataiandika kwa jina ambalo mtu wa kawaida analijua. Ataandika calomel, au cinnabaris, au hydrargyri oxydum rubrum, au hataandika kitu chochote. Harufu yake ni nzuri, rangi yake ni nyeupe kama ya sabuni nyingine, na ngozi inaanza kung'aa kweli baada ya wiki chache. Njia moja tu inabaki ya kujua: kupima. Na swali tunalotaka kulitazama leo ni hilo: kati ya kiwanda na ngozi ya mama wa Goma, Bukavu au Bunia, ni nani anayepima?

Tuanze na kazi ya zebaki mwilini. Ngozi yetu inatengeneza rangi yake yenyewe, na rangi hiyo ndiyo inayotukinga na jua. Zebaki inazuia utengenezaji huo, kwa hiyo ngozi inapauka. Lakini haibaki kwenye ngozi. Inapenya, inaingia katika damu, na inakwenda kujikusanya zaidi katika figo. OMS inataja madhara mengine: vipele, makovu na mabaka, ngozi kushindwa kujilinda na vijidudu, wasiwasi na huzuni isiyo na sababu, ganzi ya mikono na miguu. Lile la figo ndilo lililogunduliwa mapema zaidi katika Afrika yetu ya maziwa makuu na mashariki, na linastahili kusimuliwa.

Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika gazeti la tiba la Uingereza, British Medical Journal, habari za wagonjwa 60 wazima waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovuja protini: uso unavimba asubuhi, miguu inajaa maji, mkojo unatoa povu. Waliwauliza swali ambalo madaktari wengi hawaulizi hata leo: unajipaka nini? Wagonjwa 32 walisema wanatumia mafuta ya kung'arisha ngozi. Mafuta hayo yalikuwa na zebaki, na mkojo wa watumiaji ulionyesha hivyo. Baadhi yao walipoyaacha, figo zao zilirudi kufanya kazi. Ni zaidi ya miaka 50 sasa. Mtu anaposema kwamba jambo hili ni jipya na kwamba tulipe muda, tumkumbushe mwaka huo.

Sabuni zenyewe zilikuwa zinatoka wapi? Hapa kuna jambo ambalo linatukasirisha, na hatulifichi. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wao tangu 1976. Hata hivyo viwanda viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki huko huko Ulaya, Ireland na Uingereza zikiwemo, kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Sheria ya Ulaya iliyofunga mlango wa kusafirisha sabuni hizo nje ilikuja mwaka 2003. Kwa miaka 27, kitu kilichoonekana kuwa sumu kwa ngozi ya Dublin kilikuwa biashara halali kwa ngozi ya Afrika.

Leo hali imebadilika sura. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba nyingi ya krimu zenye zebaki zinatengenezwa Asia, hasa Pakistan na Thailand, na zinatembea kwa njia za biashara ndogo, kwa mizigo ya mkononi na kwa maduka ya intaneti. Mashirika yaliyoungana chini ya jina Zero Mercury Working Group yalinunua krimu 338 katika nchi 22 na kutangaza matokeo mwaka 2018: krimu 34 zilikuwa na zebaki, kuanzia sehemu 93 kwa milioni hadi zaidi ya 16,000. Mwaka uliofuata walitangaza tena. Safari hii, kwa bidhaa 158 kutoka nchi 12, 95 zilivuka kiwango, na iliyo mbaya kuliko zote ilipita sehemu 130,000 kwa milioni. Tupige hesabu ya nyumbani: katika kopo la gramu 100, gramu 13 ni zebaki. Kiwango kilichokuwa kinaruhusiwa na Mkataba wa Minamata wakati ule kilikuwa sehemu moja kwa milioni.

Mkataba huo ulipitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kazi 2017. Unabeba jina la mji wa Minamata, ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini na wavuvi na watoto wao wakapooza. Kwa vipodozi, mkataba ulikataza mwanzoni vile vilivyozidi sehemu moja kwa milioni, na tarehe ya mwisho ilikuwa 2020. Novemba 2023, wajumbe waliokutana Geneva waliondoa hata ile sehemu moja: vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe, visiingizwe wala kusafirishwa baada ya mwaka 2025. Mwaka huo umekwisha. Sabuni ya yule mama ilinunuliwa sokoni, mezani, mchana kweupe.

Tusishangae sana. Kukataza ni kazi ya kalamu, na kupima ni kazi ya mashine, umeme, watu waliosoma na mshahara unaofika. Pakistan yenyewe inatufundisha kitu hapa. Mwaka 2019 wizara yake ya mabadiliko ya tabianchi ilichukua aina 59 za krimu za kung'arisha ngozi, ikazipima, na ikatangaza hadharani kwamba 56 zilikuwa na zebaki kupita kiwango. Ni aibu kubwa kwa nchi kujitangazia jambo kama hilo. Lakini kuanzia siku ile hakuna mfanyabiashara wala afisa ambaye angeweza kusema hajui.

Mfano mwingine unawahusu ndugu zetu walio ukimbizini. Jimbo la Minnesota, Marekani, limepokea Wasomali wengi na pia Wakongo. Mwaka 2011 idara ya afya ya jimbo hilo ilipima bidhaa 27 za kung'arisha ngozi zilizokuwa zinauzwa katika maduka ya huko, na 11 zilikuwa na zebaki. Yaani hata mahali penye maabara, penye sheria kali na penye fedha, krimu zilikuwa zimepita, kwa sababu hazikuingia kwa mlango wa makontena. Ziliingia ndani ya masanduku ya wasafiri.

Kupima kwenyewe kukoje? Kuna hatua mbili. Ya kwanza ni chombo cha mkononi kinachofanana na bastola kubwa, ambacho kinapiga mionzi ya eksirei kwenye krimu na kusoma jibu linalorudi. Kwa dakika moja au mbili kinaonyesha kama zebaki ipo kwa wingi. Hakihitaji kuharibu bidhaa wala kuichanganya na dawa. Hatua ya pili ni ya maabara: kipande kinayeyushwa kwa asidi na kupimwa kwa mashine zinazoweza kukamata hata chembe ndogo sana. Chombo cha mkononi bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, fedha nyingi kwa jimbo letu, na fedha kidogo ukilinganisha na gari moja la kifahari la wakubwa. Tumeshindwa kujizuia kuyasema hayo.

Turudi kwetu. Kongo ina ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa, OCC, tangu 1974, na kila mwagizaji wa makontena anaijua vizuri, maana anailipa. Kuna pia mamlaka ya dawa, ACOREP. Tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jumuiya hiyo ina viwango vya vipodozi ambavyo vinakataza zebaki. Kwenye karatasi, basi, hatuko uchi. Lakini tazama mizigo inavyopita. Pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, kila asubuhi mamia kwa mamia ya wamama wanavuka na beseni kichwani. Katika beseni moja kuna vitunguu, viberiti, na chini kabisa dazani mbili za makopo. Anayewasimamisha anatazama ushuru. Hata akitaka kupima, atapima na nini? Jicho lake ni lile lile la yule mama aliyetuletea sabuni.

Na jirani zetu wamekaza. Rwanda, mwishoni mwa 2018, baada ya rais Kagame mwenyewe kulizungumzia jambo hili katika mtandao, ilituma polisi na wakaguzi madukani kukusanya krimu zilizokatazwa. Hatuwalaumu, walifanya kazi yao. Ila mtu yeyote aliyekaa mpakani anajua kwamba mzigo uliokataliwa upande mmoja haufi, unatafuta upande ambao hauna mtu wa kuuliza. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, Januari na Februari 2025, swali la nani ana haki ya kukagua nini mpakani limekuwa gumu zaidi, na katika hali ambayo watu wanatafuta unga na maji, nani atasimama kudai chombo cha kupimia krimu? Tunaona haya hata kuliandika. Lakini sumu haingojei vita viishe.

Mtu atasema: asiyejichubua hana la kuogopa. Ndivyo tulivyofikiri sisi pia, hadi tulipokutana na taarifa za Marekani za mwaka 2010. Katika majimbo ya California na Virginia, wakaguzi wa afya waliingia katika nyumba ambazo mtu mmoja au wawili walikuwa wanatumia krimu zisizo na jina zilizotoka Mexico. Krimu zilikuwa na zebaki asilimia 2 hadi karibu 6. Walipima mkojo wa kila mtu nyumbani, na wakaikuta zebaki ndani ya watu ambao hawakuwahi kujipaka, watoto wakiwemo. Ilitoka kwenye mikono ya mama, kwenye taulo, kwenye mto wa kulalia, kwenye hewa ya chumba. Zebaki inageuka mvuke polepole bila mtu kuiona. Sasa fikiri nyumba zetu: chumba kimoja, kitanda kimoja, mtoto mchanga mgongoni au kifuani pa mama mchana kutwa. Mwanamke mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto kabla hajamzaa.

Tuseme neno juu ya bidhaa nyingine, kwa kifupi, ili mtu asidhani kwamba hatari ni zebaki peke yake. Katika makopo yale yale kuna hydroquinone, ambayo Ulaya iliikataza katika krimu za kung'arisha tangu 2001 na Afrika Kusini kabla ya hapo, mwaka 1990. Kuna pia dawa kali za ngozi za jamii ya kortisoni, ambazo daktari anaziandika kwa siku chache na hapa zinapakwa mwili mzima kwa miaka. Waganga wa upasuaji wanaijua ngozi hiyo: inachanika kama karatasi iliyolowa na inakataa kushonwa. Na kuna uchafu ambao hakuna aliyeutia kwa makusudi. Poda ya talki inachimbwa ardhini, na mara nyingine mwamba wake unalala karibu na asbesto, inayoleta kansa. Mwaka 2019 wakaguzi wa Marekani waliona asbesto katika chupa moja ya poda ya watoto ya Johnson & Johnson, na kampuni ikarudisha chupa kama 33,000 kutoka sokoni. Kampuni imesema siku zote kwamba poda yake ni salama. Hata hivyo iliacha kuuza ya talki dunia nzima mwaka 2023 na kubaki na ile ya wanga wa mahindi. Ona tofauti: pale kulikuwa na mtu wa kununua chupa, kuipeleka maabara na kusema alichokiona. Poda inayouzwa kwa vipimo vya kijiko katika soko la Kadutu haina mtu huyo.

Sasa upande wetu, wa makanisa. Tumehubiri sana juu ya kujichubua. Tumewaambia wamama na vijana wa kike (na siku hizi vijana wa kiume pia) kwamba wanaikataa kazi ya Muumba. Wengine wamesemwa kwa jina mbele ya kusanyiko. Tunaamini kwamba ngozi nyeusi haina deni kwa mtu, na tutaendelea kulisema hilo. Lakini tumeona matunda ya kukemea: mama anaficha kopo. Akivimba uso anakwenda kituo cha afya na anasema ni chumvi, au ni uchawi, au ni mimba. Hataji krimu, kwa sababu nesi ni mwana kwaya wa parokia yake. Daktari wa figo akiulizwa na mgonjwa anayedanganya hawezi kumsaidia. Kwa maoni yetu aibu hiyo imelinda sabuni kuliko ilivyowalinda wamama.

Na makanisa ya Kiprotestanti ndiyo yanayoendesha sehemu kubwa ya hospitali na vituo vya afya mashariki mwa nchi. Hapo hatuhitaji kungoja mashine ya makumi ya maelfu ya dola. Vile vijiti vya kuchovya katika mkojo, ambavyo vipo katika vituo vingi kwa ajili ya wamama wenye mimba, vinaonyesha protini. Havitaji zebaki, lakini vinaonyesha figo inayovuja, na hilo ndilo lililowaleta wagonjwa wa Nairobi kwa madaktari. Nesi anayekutana na protini kwa mtu asiye na mimba wala kisukari, na ambaye anauliza kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, "mama, unajipaka mafuta gani? Naomba kopo nilione", amefanya kazi ambayo hakuna mpaka wala wizara inayoifanya leo. Mashine za kusafisha damu ni chache sana kwetu na siku moja ya kuzitumia inakula fedha za familia nzima. Kuacha krimu mapema hakulipiwi kitu.

Makopo hayo yakikusanywa, ndipo tunaweza kudai. Gabon, ambayo hali yake haiko mbali sana na yetu, iliingia mwaka 2023 pamoja na Jamaika na Sri Lanka katika mradi wa Umoja wa Mataifa wa dola milioni 14 wa kuondoa zebaki katika bidhaa za ngozi. Kongo nayo inaweza kuomba mahali pa kupimia. Chombo kimoja cha mkononi kwa majimbo ya Kivu na Ituri, kikikaa katika chuo kikuu au hospitali inayoheshimiwa na pande zote, kingeweza kuzunguka masoko. Matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa soko na kusomwa katika matangazo ya Jumapili, pamoja na picha ya kopo, kwa Kiswahili. Wauzaji wenyewe wangefaidika. Tuliongea na mama mmoja anayeuza vipodozi, mjane mwenye watoto watano, na alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: "Nikitupa vyote kwa sababu ya hofu, watoto wangu watakula nini? Niambieni ni vipi vibaya, nitupe hivyo."

Kuna jambo moja la mwisho, na linahusu moto. Mara nyingi serikali za huku zikikamata krimu zinaziwasha hadharani, viongozi wakipiga picha. Zebaki ikichomwa haimalizikii pale. Inapanda na moshi na kurudi chini kwa mvua, katika maji na katika samaki. Hata kuitupa katika shimo la choo ni kuipeleka kwa jirani. Mahali penye sheria zinazofuatwa, bidhaa hizo zinafungwa ndani ya plastiki na kopo, na kupelekwa kama taka za sumu.

Kwa hiyo ile sabuni haikuchomwa. Tumeifunga katika mifuko miwili ya plastiki na kuitia ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na kopo liko juu ya kabati ambapo watoto hawafiki. Tumeandika barua kwa maabara moja kuomba waipime. Mama mwenyewe anapita kila Jumapili kuuliza kama wamejibu.